Namna ya kula vizuri kwenye migahawa midogo ya Kiperu jijini New York: mwongozo kamili

Ukipanda treni namba 7 kutoka Manhattan kwenda Flushing, ikishavuka mto inatoka ardhini na kupanda juu ya nguzo za chuma. Huko mbele inapita juu ya barabara ya Roosevelt Avenue, kwenye mitaa ya Jackson Heights, Elmhurst na Corona. Shuka 82nd Street au Junction Boulevard, utembee chini ya kelele za reli hiyo. Kati ya maduka ya simu, saluni na mikokoteni ya matunda, utaona milango midogo yenye bendera nyekundu na nyeupe. Ndani pana meza nane au kumi, televisheni ya mpira, picha ya Machu Picchu ukutani, na harufu ya kuku anayezunguka juu ya makaa.

Nimeishi Queens, upande huu wa jiji, mwaka wa tisa sasa, na ndugu wakija kunitembelea kutoka nyumbani, huku ndiko ninakowapeleka siku ya kwanza. Chakula cha Kiperu hakimtishi mtu wa kwetu. Muhogo, mahindi, viazi vitamu, pilipili na maharage yanayojaza vyungu vyetu asili yake ni bara la Amerika, yakavushwa bahari hadi kwetu. Ukikaa kwenye meza hizi unakutana nayo kwao. Lakini nimeona wengi wakiingia, wakafungua menyu ya kurasa kumi, wakanyoosha kidole kwenye picha iliyowapendeza, wakatoka wakisema chakula kilikuwa cha kawaida. Jiko dogo haliwezi kupika vyakula sitini vizuri kwa saa zote. Anayekula vizuri ni anayeagiza kwa saa na kwa siku, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hilo.

Hatua ya kwanza: jua umeingia mgahawa wa aina gani

Soma kibao cha nje. *Pollería*, au maneno *pollo a la brasa*, maana yake hapo mfalme ni kuku wa kubanikwa. *Cevichería* ni nyumba ya samaki na vyakula vya baharini. *Chifa* ni mgahawa wa Kiperu wenye asili ya Kichina. Kati ya 1849 na 1874 Wachina wapatao laki moja walipelekwa Peru kwa mikataba ya kazi ngumu mashambani na kwenye visiwa vya mbolea ya kinyesi cha ndege. Walipomaliza mikataba, wengi wakafungua vijumba vya chakula Lima. Mpaka leo Mperu anaita mchuzi wa soya *sillao* na tangawizi *kion*, maneno ya Kikantoni, hata kama hajawahi kukutana na Mchina.

Migahawa mingi midogo ya Queens inachanganya vyote vitatu. Basi angalia jiko lenyewe. Ukiona tanuri la makaa lenye vyuma vinavyozunguka, na kuku wamepangwa safu kwa safu, agiza kuku. Ukiona watu wengi wamekula samaki na mabakuli yamebaki maji meupe tu, agiza samaki. Macho yako yakujulishe kabla ya menyu.

Karibu na mlango utaona karatasi ya idara ya afya ya jiji yenye herufi kubwa. Utaratibu huo ulianza 2010: A ndiyo bora, kisha B, kisha C. Kwa kuku na mchuzi, B hainizuii kuingia. Kwa samaki mbichi nataka A.

Kama una siku nzima, vuka mto Hudson uende Paterson, New Jersey, ambako eneo la Market Street limejaa Waperu kiasi kwamba watu wanaliita Little Lima. Vibasi vidogo vinaondoka karibu na kituo cha mabasi cha Port Authority, barabara ya 42. Aliyezoea daladala au matatu atajisikia nyumbani humo: kinajaa, kinaondoka, unashuka unapotaka. Beba noti ndogondogo.

Hatua ya pili: chagua saa

Mchana, kuanzia saa sita hadi saa tisa, hasa siku za kazi, ndiyo saa ya *menú*. Usidhani neno hilo ni kitabu cha orodha. Kwa Mperu *menú* ni mlo wa mchana wa bei moja: supu au kianzio, kisha chakula kikuu kinachoitwa *segundo*, na mara nyingi glasi ya kinywaji. Ni kwa mama ntilie kabisa. Kimepikwa asubuhi kwa wingi, kinaisha kikiisha. Mara nyingi huandikwa kwa mkono kwenye ubao au karatasi iliyobandikwa, kwa Kihispania peke yake, na mgeni asipouliza hapewi. Uliza: *¿Qué hay de menú?* Maneno hayo manne yatakulisha vizuri kuliko picha zote za ukutani.

Jumatatu unaweza kukuta dengu, *lentejas*, kwa sababu Waperu wengi wanaamini dengu za Jumatatu zinaleta pesa wiki nzima. Jumapili asubuhi ni ya mkate wenye nyama ya nguruwe na kiazi kitamu, tamale za mahindi, na *caldo de gallina*: supu ya kuku jike mzee, tambi, kiazi na yai zima la kuchemsha. Kama umezoea supu ya asubuhi yenye ndimu na pilipili kabla ya kazi, hii ni ndugu yake.

*Ceviche*, samaki mbichi aliyetiwa ndimu, ni ya mchana. Lima yenyewe cevichería nyingi hufunga jioni, kwa imani kwamba samaki wa asubuhi asingoje usiku. New York wanaiuza mpaka usiku, lakini mimi bado naila mchana, maana ndipo samaki hukatwa kwa wingi na hakai. Kuku wa makaa ni wa jioni, na siku yake ni Ijumaa au Jumamosi, tanuri linapofanya kazi bila kupoa. Kuku aliyekaa kwenye joto kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja amekauka kifua, hata awe wa nyumba gani.

Hatua ya tatu: ingia kama mtu wa nyumbani

Sema *buenas* ukiingia, kwa sauti, kwa wote. Kuingia kimya kunaonekana vibaya kwao kama ilivyo kwetu. Ukipita karibu na meza ya watu wanaokula, sema *provecho*. Na wewe ukiambiwa, jibu *gracias*. Ni kama karibu yetu ya chakula, ila hapa hakuna anayetarajia usogee meza.

Mhudumu mkubwa kwa umri mwite *señora* au *señor*, kijana mwite *joven*. Usipige miluzi wala kupiga vidole. Ukirudi mara ya tatu au ya nne, pengine mwenye jiko atakuita *casero*, au *casera* ukiwa mwanamke. Ni neno la sokoni la Peru, na muuzaji na mteja huitana hivyohivyo pande zote mbili. Siku hiyo ndipo vipande vizuri vya nyama vitaanza kukufikia.

Mara nyingi kitaletwa kibakuli cha *cancha*, mahindi ya kukaangwa yenye chumvi, ambayo hupasuka bila kufumuka kama bisi. Tafuna polepole, usiyamalize yote: utayahitaji kwenye ceviche.

Hatua ya nne: heshimu kikombe cha kijani

Pilipili kwao ni *ají*. Hiyo j itamke kama kh ya Kiarabu iliyolainishwa: akhí. Kila meza ina chupa au kikombe cha *ají verde*. Kila nyumba ina siri yake, lakini kwa kawaida humo mna pilipili mbichi, majani ya giligilani (dania kwa walio Kenya), kitunguu saumu, ndimu, na mayonezi au jibini. Wengine wanatia *huacatay*, jani la Andes lenye harufu kati ya mnanaa na kitu ambacho sisi hatuna.

Onja tone moja kwenye kipande cha chipsi kwanza. Ukali wake hauji mara moja. Ulimi unahisi mafuta, kisha ndimu, kisha ubichi wa majani, na ukishaamini ni laini, moto unapanda nyuma ya koo. Mzuri ni mzito kiasi cha kushika chipsi bila kudondoka, na rangi yake ni kijani cha jani changa. Ukiukuta wa majimaji na umejitenga, umekaa tangu jana. Mimi hutumia kikombe hiki kupima mgahawa mzima, maana asiyejali pilipili yake hawezi kujali mchuzi wake.

*Ají amarillo* ni pilipili ya njano yenye harufu ya matunda, yenye ukali wa wastani, ndiyo inayopaka rangi nusu ya vyakula vyao. *Rocoto* ni nyekundu, ya mviringo, yenye mbegu nyeusi. Mwenye kujivunia pilipili za pwani aianze kwa adabu.

Hatua ya tano: agiza

Kwa mara ya kwanza, watu wawili, agizeni hivi: nusu kuku, sahani moja ya lomo saltado (nyama ya ng'ombe ya kukaangwa na chipsi), na kianzio kimoja baridi. Sahani ni kubwa. Kuku anauzwa kwa robo, nusu au mzima, na mkiwa wanne kuna seti ya familia yenye kuku mzima, chipsi, saladi ya parachichi na wali kwa maharage.

Kuku huyo wa makaa alianzia nje kidogo ya Lima, Santa Clara, mnamo 1950, kwa Mswisi aitwaye Roger Schuler aliyekuwa na shamba la kuku. Fundi mwenzake Franz Ulrich ndiye aliyebuni chuma kinachozungusha kuku wengi kwa pamoja. Mwanzoni alikuwa anatiwa chumvi tu. Jira, kitunguu saumu, sillao na pilipili nyekundu vimekuja baadaye. Omba paja, *pierna*, kama hupendi kifua. Ngozi iwe kahawia iliyokoza, imekazana na nyama, na ukivunja kiungo maji yatoke meupe.

*Lomo saltado* ndiyo sahani ninayoipenda kuliko zote. Simama mahali unapoweza kuona jiko. Karai linawekwa motoni mpaka litoe moshi. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vidole inatupwa humo, moto unaruka mpaka juu ya mkono wa mpishi. Vinafuata vitunguu vyekundu vilivyokatwa vipande vinene, pilipili ya njano, nyanya, siki na sillao. Dakika tatu, nne, kazi imekwisha. Inamwagwa juu ya chipsi, na wali unawekwa pembeni. Ndiyo, chipsi na wali sahani moja. Kwao hakuna mgongano, maana kiazi ni cha kwao, na aina zake huko Andes zinazidi 3,000. Dalili ya mpishi hodari ni kitunguu: bado kinalia kikitafunwa, ila kimeshika moshi. Kikiwa kimelegea, nyama ilichemka ikatoa maji, haikukaangwa. Kula kwanza chipsi za chini zilizokunywa mchuzi, maana haziwezi kungoja.

Vianzio baridi vinawashangaza wageni wetu, kwa kuwa hatujazoea kiazi baridi. *Papa a la huancaína* ni vipande vya kiazi chini ya mchuzi wa njano wa jibini, maziwa na ají amarillo. *Causa* ni kiazi kilichopondwa kwa ndimu na pilipili, kikapangwa tabaka na kuku au jodari katikati. Asiyetaka baridi aombe muhogo wa kukaanga, *yuca frita*, pamoja na mchuzi huohuo wa huancaína. Bado sijampata Mswahili aliyeukataa.

Ukiona *anticuchos*, usipite. Ni mishkaki ya moyo wa ng'ombe, iliyolowekwa kwenye siki, jira, kitunguu saumu na pilipili nyekundu ya *panca*, ikachomwa kwenye makaa. Waafrika waliopelekwa Peru utumwani, wengi wao kutoka Kongo, Angola na Afrika Magharibi, ndio walioifikisha sahani hii hapa ilipo: inasimuliwa kwamba mabwana walichukua nyama nzuri wakawaachia moyo, utumbo na mapafu. Utumwa ulikomeshwa Peru 1854, na wanawake weusi wa Lima wakaendelea kuchoma anticuchos barabarani. Moyo uliochomwa vizuri unakatika kwa meno bila kuvutana. *Cau cau* ni utumbo uliokatwa vipande vidogo, ukapikwa kwa viazi, manjano na mnanaa. *Tacu tacu* ni kiporo cha wali na maharage, kikapondwa na kukaangwa mpaka kikashika ukoko nje, nacho pia ni cha Waperu weusi. Nilipokula tacu tacu mara ya kwanza, yenye yai juu na *salsa criolla* pembeni, niliweka uma chini kidogo. Salsa criolla ni kachumbari: kitunguu chembamba, ndimu, chumvi, pilipili. Nilikuwa natazama asubuhi ya kwetu, wali maharage ya jana umepashwa kwa mafuta kidogo, umepikwa na watu waliotenganishwa nasi kwa bahari na miaka mia kadhaa.

Sasa ceviche. Samaki mbichi anakatwa vipande, anatiwa chumvi, ndimu, kitunguu chekundu na pilipili, analetwa na kiazi kitamu kilichochemshwa na mahindi ya punje kubwa. Desemba 2023 UNESCO iliuingiza utamaduni wa ceviche katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Siku hizi samaki hukaa kwenye ndimu dakika chache tu, si saa nzima. Kula kwa mpangilio: kipande cha samaki na kitunguu, kisha kiazi kitamu kipoze ndimu, kisha cancha chache zilie mdomoni. Maji meupe yanayobaki, *leche de tigre*, hunywewa kwa kijiko. Jambo moja la kuzingatia: ndimu hubadilisha rangi na ugumu wa samaki, lakini haiui vijidudu kama moto. Mjamzito, mtoto mdogo, na mwenye kinga dhaifu waagize *jalea*, samaki na kamba waliokaangwa, wenye kachumbari ileile juu.

Hatua ya sita: kwa asiyekula nguruwe wala kilevi

Hapa nitakaa, kwa sababu nililipa gharama ya kutojua. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naagiza *arroz con pollo*, wali wa kijani wenye kuku. Niliamini ukijani ni giligilani tu, na kweli ni giligilani. Siku moja nikamsifu mpishi, naye kwa furaha akanieleza kila alichotia, na katikati ya maelezo ikatajwa bia. Hakunidanganya, sikuwahi kuuliza. Tangu hapo nauliza, na nawaandikia hapa ili msipitie njia hiyo.

Bia, hasa ile nyeusi, hutiwa mara nyingi kwenye arroz con pollo, kwenye wali wa bata, na wakati mwingine kwenye viungo vya kulowekea kuku wa makaa. *Seco*, mchuzi mzito wa nyama kwa giligilani unaoletwa na maharage, hupikwa kwa bia au kwa *chicha de jora*, pombe ya mahindi. Lomo saltado huweza kumwagiwa pisko (pombe kali ya zabibu) au mvinyo ili moto uruke. Leche de tigre inayouzwa kwa glasi wengine huitia pisko. *Suspiro a la limeña*, kitamu cha maziwa, juu yake hutiwa mvinyo wa porto.

Nguruwe hujificha kwenye maharage, kwenye *arroz chaufa* (wali wa kukaanga wa Kichina), kwenye *carapulcra* ya viazi vikavu, na kwenye mafuta ya kukaangia. Soseji za *salchipapa*, yaani chipsi na soseji, uliza kila mara.

Sentensi za kukariri ni hizi. *No como chancho ni alcohol*: sili nguruwe wala kilevi. *¿Lleva cerveza?* Ina bia? *¿Lleva vino o pisco?* Ina mvinyo au pisko? Uliza *chancho* na pia *cerdo*, yote ni nguruwe. Lomo saltado hupikwa papo hapo, kwa hiyo ukiomba isitiwe pisko inawezekana. Seco imepikwa asubuhi, haibadiliki, iache. Nyama yenyewe kuwa halali ni swali jingine, na migahawa mingi hii haina nyama hiyo. Anayeshikilia hilo abaki kwenye samaki: ceviche, jalea, au samaki wa kukaanga kwa muhogo.

Hatua ya saba: kinywaji na kitamu

*Chicha morada* haina kilevi. Usiichanganye na chicha de jora. Ni mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, kisha ikapozwa na kutiwa ndimu na sukari. Iombe *de la casa*, ya kupikwa hapo. Ile ya unga ina utamu wa pipi, na karafuu haisikiki. *Inca Kola* ni soda ya njano iliyoanza Lima 1935, na Waperu wenyewe huifananisha na *hierba luisa*, yaani mchaichai. Tamu mno kwangu, lakini watoto wataipenda.

Kitamu ni *picarones*: pete za unga wa kiazi kitamu na boga, zikakaangwa na kumwagiwa shira. Kaimati zenye tundu. Zisipokuwa za kukaangwa hapo hapo, achana nazo. Oktoba, mwezi wa maandamano ya Kikatoliki ya Señor de los Milagros (Bwana wa Miujiza) na nguo za zambarau, tafuta *turrón de Doña Pepa*, keki ya vijiti iliyoshikana kwa shira na kupambwa kwa pipi za rangi. Kwa masimulizi ya Lima, Doña Pepa huyo alikuwa mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa.

Hatua ya nane: bili na kiporo

Bili haiji mpaka uiombe: *la cuenta, por favor*. Juu ya bei ya menyu kuna kodi ya asilimia 8.875 ndani ya jiji, kisha bakshishi, ambayo kwa desturi si hiari kama kwetu. Sheria ya New York inaruhusu wahudumu wa migahawa kulipwa mshahara mdogo kwa kuhesabia bakshishi hiyo. Njia rahisi ni kuizidisha kodi mara mbili. Ukila dola 40, kodi ni 3.55, acha 7.10 au zaidi kidogo. Angalia kwanza kama imeshaongezwa, hasa mkiwa kundi kubwa. Beba pesa taslimu, kwani baadhi ya milango hii midogo haipendi kadi kwa bili ndogo.

Kinachobaki omba *para llevar*. Kuku na wali vinabebeka vizuri. Kesho yake mchambue kuku, mkaange na wali huo, yai na kitunguu cha majani. Chipsi zilizobaki zimalizeni hapo hapo. Ceviche haibebwi kabisa, imalizeni mezani. Na kabla mfuko haujafungwa, omba vikombe viwili vya ziada vya ají verde. Vikae kwenye friji, mvitumie ndani ya siku mbili.